Marehemu Aliyejiandikisha Mwenyewe

Baba yangu alikufa mwaka jana kwa maandishi, na asubuhi iliyofuata akanywa chai yake saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Ilituchukua miezi minane kugundua. Nimekwisha kuisimulia habari hii mara nyingi kwenye kibanda changu cha ushonaji, na wateja hucheka mpaka wanashika mbavu na pini zinaanguka. Nami hucheka nao, maana kweli inachekesha. Ila kwa muda mrefu nilikuwa nacheka kwa mdomo tu, kifua hakina habari.

Mtaani wanamwita Mzee Muhuri. Alifanya kazi miaka thelathini na minane kwenye masijala ya ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Alianza akiwa mtu wa kubeba majalada kutoka chumba hiki kwenda kile, akastaafu akiwa mkuu wa chumba chote. Katika muda huo hakuna aliyezaliwa wala kufa mjini kwetu bila kupita chini ya kalamu yake, na wapo waliokufa wakangoja, kwa sababu ndugu zao walirudishwa wakalete viambatisho.

Sasa mtu wa namna hiyo akirudi nyumbani jioni haachi kazi mlangoni pamoja na viatu. Sebuleni kwetu, mahali ambapo wenzetu waliweka televisheni, palisimama kabati la chuma la droo nne, la kijivu, alilolinunua ofisi ilipouza samani chakavu. Ndani yake kulikuwa na majalada. Namba moja lilikuwa lake mwenyewe, namba mbili la mama, namba tatu la kaka yangu, namba nne langu. Namba tano lilihusu nyumba na kiwanja, namba sita majirani, na namba saba liliitwa Mengineyo, nalo ndilo lililonenepa kuliko yote.

Nikiwa na miaka tisa nilivunja chupa ya chai. Watoto wengine wangekula kofi yakaisha. Mimi nilikuta bahasha kwenye mto wangu, imeandikwa kwa wino wa bluu, kwamba kwa kuwa mimi ni mwanafamilia mwenye jalada namba nne, natakiwa kutoa maelezo kwa maandishi, ndani ya siku mbili, kwa nini nisichukuliwe hatua. Nikaandika kwamba chupa ilianguka yenyewe. Barua ikarudi na maneno mekundu pembeni: Chupa haianguki yenyewe. Fafanua. Nilifafanua mara tatu. Mpaka leo nikiharibu kitambaa cha mteja, mkono wangu unatafuta karatasi.

Kaka yangu, ambaye sasa ni dereva wa malori ya masafa, aliwahi kuomba ruhusa ya kwenda safari ya shule. Ombi likakataliwa, si kwa sababu baba hakutaka aende, bali kwa sababu halikupitia kwa mkuu wake wa karibu, ambaye ni mama. Ikabidi aandike upya, ampelekee mama jikoni, naye mama akalipitisha kwa alama ya kidole chenye mafuta ya kupikia. Mama alipitisha kila kitu. Kama tungeomba kuuza nyumba angetia kidole, aendelee kukaanga vitunguu. Na mchumba wangu alipoleta barua ya posa, baba aliisoma mpaka mwisho, akasifu mwandiko, akairudisha kwa kuwa haikuwa na tarehe. Mchumba akaja nayo wiki iliyofuata ikiwa na tarehe mbili, moja juu na moja chini, kwa usalama. Tangu siku hiyo baba alimpenda kuliko alivyonipenda mimi.

Aliyemshinda ni mama. Mama alikuwa anasoma na kuandika vizuri tu, lakini alisema yeye haandikiani barua na mtu anayelala naye kitanda kimoja. Baba hakukata tamaa. Alikuwa akiweka karatasi chini ya sahani ya mama: Yahusu chumvi. Tafadhali rejea mazungumzo yetu ya jana jikoni kuhusu somo tajwa hapo juu. Mama anaisoma, anaikunja, anajibu hapo hapo kwa sauti inayofika kwa jirani. Baba naye, kwa kuwa jalada haliwezi kukaa bila majibu, anachukua kalamu na kuandika aliyoyasikia, neno kwa neno, na tarehe. Hivyo jalada namba mbili likajaa karatasi zinazofanana. Amejibu kwa mdomo: Kama chumvi imezidi, kunywa maji. Amejibu kwa mdomo: Siendi, na usiniulize tena. Amejibu kwa mdomo: Na wewe je? Karatasi moja ilikuwa na neno moja tu: Amecheka.

Waliishi hivyo miaka arobaini na mmoja. Mama akaumwa Jumanne, presha, akalazwa Jumatano, Alhamisi saa nne asubuhi akatutoka.

Nitasema ukweli, sikulia. Nilipanga viti, nikahesabu vikombe, nikamwelekeza kila aliyeuliza choo kiko wapi. Watu walinikumbatia nikawa nawapigapiga mgongoni, kana kwamba wao ndio waliofiwa. Mwili wangu wote ulikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nilijua ni wangu kwa sababu nilikuwa nauona.

Baba naye hakudondosha chozi. Aliweka meza ndogo getini na daftari juu yake, akachora mistari kwa rula: jina, uhusiano na marehemu, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Shangazi mmoja alikasirika, akasema hajawahi kuona msiba wenye mahudhurio, lakini alisaini. Jirani yetu fundi bomba aliondoka kwa kuitwa haraka kazini, akasahau kujaza saa ya kutoka, na kwa mujibu wa kumbukumbu zetu bado yuko nyumbani kwetu mpaka leo.

Siku ya nane baada ya mazishi tulikwenda, baba na mimi, kwenye ofisi yake ya zamani kuandikisha kifo cha mama. Dirisha la tatu alikuwepo binti mmoja aliyefundishwa kazi na baba mwenyewe, sasa mama wa watoto wawili, lakini kila mtu pale bado anamwita binti. Alisimama, akaamkia, akatoa pole, akataka kumjazia fomu. Baba akakataa. Alisema hajawahi kujaziwa fomu na mtu, hataanza kwa hii. Akakaa kwenye benchi, akatoa kalamu yake, akajaza haraka haraka kwa mazoea, uso ukiwa mbali na karatasi. Alipomaliza akaisogeza karibu na macho, akakaa nayo kidogo, akasaini. Binti akaipokea kwa mikono miwili. Hakuisoma. Nani angemkagua Mzee Muhuri? Ingekuwa kumtukana. Aligonga muhuri pale pale, akasema pole tena, na baba akasema asante.

Wiki tatu baadaye cheti kikaja kwa bahasha. Baba, mtu anayesoma mpaka maandishi ya nyuma ya kiberiti, hakuifungua. Aliitia kwenye jalada namba mbili, akafunga droo. Nikasema moyoni kwamba hayo ndiyo majonzi yake, kila mtu na yake, nikarudi kwenye cherehani.

Miezi ikaenda. Nilikuwa nimehamishia vitu vyangu nyumbani kwake kwa muda, kwa kuwa mume wangu ana kazi ya zamu na wanangu wako bweni, na kwa kuwa mzee alikuwa ameanza kupapasa kuta. Macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwenda siku nyingi na hakutuambia. La kushoto mtoto wa jicho alikuwa amekomaa, ukimtazama unaona weupe. Nikamburuta hospitali. Daktari akasema linatibika, lakini daktari bingwa wa upasuaji huo huja mara moja kwa mwaka, na orodha yake inafungwa Ijumaa saa tisa alasiri. Likiachwa hadi mwakani, akasema, hatuahidi kitu. Ilikuwa Jumatatu.

Tukaenda mapokezi kumwandikisha. Dada wa pale akaingiza namba ya kitambulisho cha baba kwenye mashine, akatazama kioo, akamtazama baba, akatazama kioo tena.

"Mzee, samahani," alisema. "Hapa inaonyesha umefariki."

"Tangu lini?" baba akauliza.

Dada akasoma tarehe. Ilikuwa ile Alhamisi ya mama. Baba akauliza kama kuna namba ya cheti, akasomewa, akaitikia kwa kichwa polepole, kama alivyofanya kazini karatasi ikiwa haina kasoro.

"Basi utaratibu ufuatwe," alisema, akainuka, akaanza kupapasa mlango.

Mimi nilibaki nabishana. Nilimwambia yule dada, mtu mwenyewe huyu hapa, anapumua, amevaa tai. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba yeye anamwona. Mashine ndiyo haimwoni, na kitanda kinatolewa na mashine.

Jioni nilifungua jalada namba mbili na ile bahasha. Kwenye cheti, mahali pa marehemu, palikuwa na jina la baba yangu na namba yake. Mahali pa mtoa taarifa palikuwa na jina la mama, uhusiano: mke. Chini, sahihi ya baba, iliyonyooka. Nikaelewa mara moja kosa lilivyotokea. Fomu ya zamani, ile aliyoijaza miaka thelathini na minane, ilianza na mtoa taarifa, marehemu akafuata. Wameibadilisha baada ya yeye kustaafu, wameweka marehemu juu. Mkono wake ulikwenda ulikozoea. Akakabidhi kifo chake mwenyewe dirishani, akiwa amesimama, na mwanafunzi wake akampa pole.

Nilicheka peke yangu pale sebuleni. Halafu nikanyamaza, kwa sababu nilisikia kinavyosikika kicheko katika nyumba ile.

Kurekebisha hakukuwa kugumu. Nilimuuliza kwa simu yule binti wa dirisha la tatu. Anatakiwa aliyeandikwa kwa makosa afike mwenyewe, ajaze fomu moja, athibitishe marehemu halisi ni nani, na ofisi itoe barua siku hiyo hiyo. Nikamwambia baba, kesho asubuhi twende. Akasema suala hilo linahitaji kupitiwa. Jumanne nikamwambia tena. Akasema lisifanyiwe haraka. Nikampigia kaka simu, alikuwa njiani na shehena ya saruji, akasema mwacheni mzee, mbona anakula, anatembea, kufa kwake kunamuudhi nani? Ndivyo alivyo kaka yangu, ukimweleza nyumba inaungua atakuuliza chumba gani.

Hapo hasira zikanipanda. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa, nikaweka chini ya sahani yake: Yahusu jicho la kushoto. Unatakiwa kutoa maelezo, kabla ya saa sita mchana kesho, kwa nini hutaki kutibiwa. Jumatano saa tano na nusu nikakuta jibu kwenye cherehani. Maneno yalikuwa makubwa kiasi kwamba mstari mmoja ulijaa kwa maneno matatu, na mengine yamepandana. Barua yako imepokelewa. Suala linashughulikiwa.

Tulipokula mchana sikumwangalia. Nilikuwa nimechoka naye. Alitafuta kijiko kwa vidole, akakipata, akakaa nacho mkononi.

"Kwenye kumbukumbu za serikali," alisema, "mama yako yuko hai."

"Ndiyo, baba."

"Na hakuna aliyelalamika."

"Nani alalamike?"

"Basi iache ilivyo."

Nikamwambia atakuwa kipofu. Akasema ameona vya kutosha. Nikamwambia mama hayuko, tumemzika, yeye mwenyewe aliandika idadi ya waliokuwepo. Alianza kula, na mimi nikaanza kula, tukala mpaka tukamaliza, watu wawili wazima wenye ganzi, na sahani mbili.

Alhamisi mchana nilimkuta barazani, kwenye mwanga mkali kabisa. Amelifungua jalada namba mbili mapajani, ameshika kioo cha kukuzia maandishi, na uso ameuinamisha mpaka pua inagusa karatasi. Nilisimama nyuma yake muda mrefu. Karatasi haikugeuzwa. Mwishowe akasema, bila kugeuka, kwamba kama ni mimi, nimsomee kidogo, mwanga wa leo si mzuri. Jua lilikuwa linachoma macho.

Nikaketi, nikamsomea. Amejibu kwa mdomo: Kama unataka shati jeupe, lifue mwenyewe uone linavyokuwa. Baba akasema hapana, hakusema hivyo. Nikamwambia ndivyo ulivyoandika. Akasema maneno ni hayo, lakini sivyo alivyoyasema, soma tena. Nikasoma tena. Akasema ninakimbiza. Nikasoma ya pili, ile ya siendi na usiniulize tena, akasema hapo alikuwa anacheka, mbona ninasoma kama tangazo. Kwa macho yake mwenyewe alikuwa akiyaona yale maandishi na kusikia sauti ya mama. Kwa mdomo wangu alinisikia mimi tu. Nilifunga jalada.

"Baba, sikusomei tena," nilisema. "Ukitaka kumsikia, nenda ukatibiwe macho, ukamsome mwenyewe. Mimi siwezi kuwa mama."

Nilisema kwa ukali, na sikujuta. Nilimwacha hapo na jalada lake. Nilirudi ndani nikashona kola nne, zote nikazishona kinyume.

Ijumaa saa moja asubuhi alikuwa sebuleni, amevaa tai, vifungo vya shati vimepishana. Alisema twende. Nikamfungua vifungo na kumfunga upya, kama alivyokuwa akinifanyia mimi nikienda shule. Foleni ya ofisini ilikuwa ndefu, na baba alikataa katakata tupitishwe mbele, akasema yeye ndiye aliyeanzisha namba pale na atangoja namba yake. Tulingoja mpaka saa saba. Nilikuwa natazama saa ya ukutani, naye alikuwa ananiuliza inasemaje.

Binti wa dirisha la tatu alikuwa amekwisha kupata habari kwa simu yangu. Alikuwa ametoa fomu ya mwaka jana kwenye makabrasha, na macho yake yalikuwa mekundu. Alisema Mzee, kosa ni langu, sikusoma. Baba akamwambia ndiyo, hukusoma, na tutalizungumza siku nyingine. Kisha akaniambia nishike kalamu, yeye atasema, mimi niandike.

Jina lililoandikwa kimakosa, nikalijaza. Lilikuwa lake, halikumsumbua. Kisanduku cha pili kiliuliza sababu ya kosa. Binti akainama kwenye dirisha, akasema hapo wengi huandika kosa la kiuandishi, inatosha.

"Halikuwa kosa la kiuandishi," baba alisema. Ilikuwa sauti yake ya kazini, sikuwa nimeisikia tangu msibani. "Andika hivi. Nilijaza fomu kwa mazoea ya fomu ya zamani. Nilipomaliza niliisoma, nikaona nimejiandika mimi. Nikaacha."

Sikuandika. Nilimtazama.

"Kwa nini uliacha, baba?"

"Jina lake lilikuwa limekaa kwenye sehemu ya aliye hai," alisema. "Nikashindwa kulitoa."

Nyuma yetu kulikuwa na watu, mtoto mchanga analia, mtu anauliza kama kuna gundi. Binti akanong'ona, akinitazama mimi, kwamba maneno hayo yakiandikwa yatakuwa ni taarifa ya uongo iliyotolewa kwa kujua. Fomu itapanda ghorofani, watamwita, watamhoji, itachukua miezi. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Hospitali iko upande wa pili wa mji.

Mimi ni mtoto wa Mzee Muhuri. Sijawahi kudanganya kwenye karatasi tangu ile chupa ya chai. Niliandika: Kosa la kiuandishi.

"Umeandika?" baba akauliza.

"Nimeandika."

"Soma."

Niliishikilia fomu. Nilijua sauti yangu itanisaliti. Binti akaivuta fomu upande wake, akaweka kidole kwenye yale maneno matatu, akasoma kwa sauti safi, bila kuruka hata neno moja, kwamba alijaza fomu kwa mazoea ya fomu ya zamani, alipomaliza aliisoma, akaona amejiandika yeye, akaacha. Baba akaitikia kwa kichwa. Alisema sasa hapo ndipo panapoeleweka. Binti akanirudishia fomu bila kunitazama.

Kilibaki kisanduku cha jina sahihi la marehemu. Nilianza kuandika, baba akanishika mkono. Alisema hilo ataliandika mwenyewe. Nikampa kalamu, nikamwekea ncha yake pale pa kuanzia, akaandika majina ya mama, yote matatu, taratibu, macho yamefumbwa kwa kuwa kuyafumbua hakukuwa na faida. Jina la kwanza lilikaa ndani. La pili likapanda mstari. La tatu likatoka nje ya kisanduku kabisa, likaishia pembeni mwa karatasi. Kwa kanuni ya ofisi ile, iliyowekwa na yeye mwenyewe, fomu ya namna hiyo hurudishwa. Binti aliiangalia, akainyoosha vizuri juu ya meza, akachukua muhuri.

"Kwa utaratibu lazima nikuulize, Mzee," alisema. "Unathibitisha kwamba aliyetajwa hapa amefariki?"

Kuna neno la kujibu swali hilo, neno moja, nathibitisha. Baba amewafundisha watu wa mji mzima kulisema, wengine wakilia, naye anawangoja kwa subira na kalamu mkononi. Alifungua mdomo alitoe. Halikutoka. Akaufunga, akaufungua tena.

"Amekufa," alisema. "Mke wangu amekufa."

Hakulisema kwa sauti kubwa, lakini yule mtu wa gundi alinyamaza. Mimi ndipo nilipoumia. Niliumia kuanzia tumboni mpaka kwenye fizi, miezi minane yote kwa mara moja, nikaona machozi yanadondoka kwenye meza ya serikali na sikuweza kuyazuia. Nilitaka kumshika baba mkono. Ulikuwa bado umeishikilia kalamu, hauachii, kwa hiyo nikamshika kiwiko. Tulibaki hivyo, yeye ametazama mbele pasipo na kitu, mpaka binti akagonga muhuri, akanisogezea barua ya kupeleka hospitali, akafuta uso wake kwa kiganja, na kuita namba iliyofuata.